Usimpige Picha, Mpigie

Picha ile ilikuwa nzuri, na naanza kwa kusema hivyo ili mtu asidhani nazungumzia picha mbovu. Mwanga uliingia kwa dirisha la kushoto ukamlalia mama shavuni. Alikuwa amekaa, kiwiko kiko mezani, kiganja kimebeba shavu, macho yanatazama mbali. Nilipoiona kwenye kioo cha kamera nilijua hapo hapo kwamba ndiyo nitakayoitundika. Na kweli, kwenye maonyesho watu walisimama mbele yake kimya. Mmoja aliniambia anaona humo uvumilivu wa wanawake wote.

Mwenye sura alikuja siku ya tatu, yeye na binti yake. Akaitazama, akasogea karibu, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu asiyetaka kuniaibisha mbele za watu: "Mwanangu, kwani hapa nimefiwa na nani?"

Alikuwa ameshika tama.

Mtoto mdogo anayezungumza Kiswahili akimwona mtu ameshika tama huuliza kuna nini. Mimi nilipokuwa nyuma ya kamera niliona pembe ya mkono na mstari wa mwanga, basi. Sikusikia neno ambalo mwili ule ulikuwa unalisema kwa lugha yetu sote wawili. Na ukweli ni kwamba alishika tama kwa sababu nilimkalisha karibu saa nzima nikihangaika na taa, akachoka. Uchovu niliousababisha mimi nikautundika ukutani kama tabia yake.

Mama yule ni fundi cherehani. Ameshona zaidi ya miaka thelathini na mashine yake imesomesha watoto watatu. Habari hizo alinipa mwenyewe kabla sijawasha taa, nikazisikiliza kwa adabu, halafu nikampiga picha kana kwamba sikuzisikia.

Niliishusha picha jioni ile. Wiki mbili baadaye nilimwomba turudie, na safari hii nikamwambia aamue yeye. Alitaka asimame pembeni ya cherehani. Futi ya kupimia ining'inie shingoni, miwani iwe imepandishwa kwenye paji la uso kama anavyoiweka mteja anapoingia, na mkono wa kulia uonekane wote. Alinionyesha kidole cha shahada: ncha yake ina vidoti vyeusi vya sindano ambavyo haviondoki kwa sabuni. "Hiki nacho kitoke," akasema. Kisha akaitazama lenzi moja kwa moja na kuniambia nipige. Kwa upande wa mwanga, picha ya kwanza bado inaishinda hii. Lakini hii ndiyo aliyoiombea nakala tatu, moja kwa kila mtoto.

Tangu siku ile nasikia vizuri zaidi maneno tunayoyatumia kila siku. Kwa Kiswahili, picha inapigwa. Kuna anayepiga na kuna anayepigwa, na anayepigwa hana la kufanya ila kutulia. Lakini lugha hiyo hiyo imetuachia mlango mwingine. Mtu akiniambia "nipige picha", mimi ndiye mtendaji. Akiniambia "nipigie picha", kamera yangu imeingia kazini kwake, kama fundi anavyoambiwa "nishonee" au mwandishi "niandikie". Imeongezeka herufi moja tu na mwenye kazi amebadilika. Na watu wawili wakipokezana kamera tunasema wanapigiana picha.

Haya ninayoandika ni niliyojifunza katika kuhama kutoka "nipige" kwenda "nipigie". Nawaandikia wapiga picha, hasa wanaoanza, lakini namwandikia pia mwanamke anayejiandaa kukaa mbele ya kamera ya mtu mwingine na hajui ana haki ya kudai nini.

Jambo la kwanza linaniuma mimi mwenyewe. Nilidhani kuwa mwanamke kunatosha. Nilidhani macho ya mwanamke hayawezi kumkosea mwanamke mwenzake, kwa hiyo sikuona haja ya kuuliza. Mkono ule ule shavuni ndio uliojenga mojawapo ya picha mashuhuri kuliko zote duniani, na aliyeipiga alikuwa mwanamke. Machi 1936 Dorothea Lange, akifanya kazi ya idara ya serikali ya Marekani, alisimama kwenye kambi ya vibarua wa mashambani huko Nipomo, California, akampiga picha mama wa miaka 32 akiwa na watoto wake. Vidole vya mama vimegusa shavu, macho yako mbali, watoto wameipa kamera kisogo. Lange hakuuliza jina. Dunia nzima ikamjua kama sura ya umaskini wa miaka ile, mpaka mwaka 1978 alipojitokeza: Florence Owens Thompson. Alisema anajuta kupigwa picha ile na kwamba haikumpa hata senti moja. Miaka 42 alikuwa ishara ya jambo ambalo hakuchagua kuwa ishara yake. Lange alikuwa na nia njema, na picha yake ilifanya chakula kipelekwe kambini. Ndiyo maana mfano huu una uzito kwangu. Nia njema ilikuwepo, mwanamke mwenzake alikuwepo, na bado aliyepigwa hakuwa na sauti.

Nia ikiwa mbaya, mambo huonekana wazi zaidi. Mwaka 1960 nchini Algeria, askari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Marc Garanger aliamriwa kupiga picha za vitambulisho vijijini. Wanawake walilazimishwa kufunua nyuso zao mbele ya mwanamume mgeni mwenye sare. Alipiga takriban watu 2,000 kwa siku chache, wengi wao wanawake. Ukizitazama picha hizo leo utaona kitu kimoja ambacho amri ya jeshi haikuweza kukiondoa: macho. Wengi wanamtazama kwa hasira waziwazi. Hawakuwa na uwezo wa kukataa picha, basi wakakataa ndani ya picha. Mimi huzirudia kila ninapojidanganya kwamba mtu aliyekaa kimya mbele yangu amekubali.

Na kuna mfano wa upande wa pili ambao naupenda kuliko yote, wa zamani kuliko hiyo miwili. Sojourner Truth alizaliwa mtumwa Marekani, baadaye akawa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa; hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1864 alikwenda kwa wapiga picha akakaa kama alivyotaka akae: nguo nadhifu, miwani machoni, uzi wa kufuma mkononi. Hakutaka pingu wala makovu. Akazisajili haki za picha hizo kwa jina lake mwenyewe, jambo lisilo la kawaida wakati ambao haki ilikuwa ya mpiga picha, akaziuza mwenyewe kwenye mikutano yake. Chini ya picha yalichapwa maneno yake kwamba anauza kivuli ili kuutegemeza mwili. Aliyebonyeza kamera ni nani? Wengi hatukumbuki hata jina lake, na sidhani kama kuna anayeona pengo.

Kabla ya kamera

Basi ushauri wangu wa mwanzo ni huu: kutaneni mara ya kwanza bila kamera. Iache nyumbani kabisa, isiwe kwenye mkoba. Kamera ikiwepo, hata ikiwa imezimwa, mazungumzo huwa ya kusubiri.

Nilikuwa nikiuliza, "Ungependa uonekane vipi?" Jibu lilikuwa lile lile kila mara: "Vizuri tu." Swali lile halijibiki, kwa sababu linamtaka mtu ajitazame kwa macho ya hewa. Siku hizi nauliza, "Nani ungependa aione picha hii?" Hapo watu hufunguka. Dada mmoja alinijibu papo hapo kwamba ni baba yake, aliyemwambia kazi ya umeme si ya wanawake. Mwingine alinyamaza kidogo akasema, "Mimi mwenyewe nikiwa na miaka sitini." Picha za hao wawili haziwezi kufanana. Yule wa kwanza alikuja na koleo na viatu vya kazini. Wa pili alikuja na nguo ya kawaida kabisa, hakutaka hata wanja.

Kingine ninachoomba ni picha mbili za zamani: moja anayoipenda na moja anayoichukia. Hiyo anayoichukia ndiyo darasa. Mkae nayo. Mwombe akueleze kasoro iko wapi, na usimkatize kumwambia "mbona umependeza". Mtu mmoja alinionyesha picha ya sherehe yake ambayo kila mtu katika ukoo anaisifu. Alisema, "Hapa walinifunga nguo, wakanipamba, wakaniambia nicheke. Natafuta mahali nilipo sijioni." Kwa dakika ishirini tu nilijifunza kwamba mwanamke yule hataki kabisa kuelekezwa acheke, na kwamba nikisogeza kidevu chake kwa mkono wangu nitakuwa nimeiharibu siku.

Hilo la mkono lichukueni kama sheria. Usimguse mtu kumweka pozi. Ukitaka ageuke, geuka wewe, akuone.

Mambo ya mwanga, ngozi na pua

Wengine watashangaa naingiza mambo ya ufundi katika makala ya utambulisho. Lakini kamera ina mazoea yake, na usipoyajua itaamua badala yenu wawili.

Kipimamwanga cha kamera kimetengenezwa kudhani kwamba kila kinachokiona, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani. Ngozi nyeusi ikijaza fremu, kamera huona giza na kuongeza mwanga, na mtu hutoka amepauka kama aliyepakwa majivu. Weka mtu huyo huyo mbele ya ukuta mweupe, au avae mtandio mweupe, kamera hupunguza mwanga na uso hupotea. Pima ngozi, usipime ukuta. Enzi za filamu, Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, kwa miaka mingi, na ngozi nyingine zote zikasafishwa kwa kipimo chake. Na simu nyingi za leo hulainisha ngozi na kuing'arisha bila kuulizwa. Ingia kwenye mipangilio, uizime, halafu mwonyeshe picha kwenye skrini na umuulize: hii ni rangi yako? Mwanamke anaijua rangi yake kuliko mashine. Mmoja aliniambia nipunguze mwanga mara nne, kila mara akisema, "Bado umenichuja." Mara ya nne akacheka akasema, "Huyu sasa ni mtoto wa mama yangu."

Halafu pua. Sijui nimekutana na wanawake wangapi wanaoamini wana pua kubwa, na ukiwauliza wamejuaje wanasema ni picha za kujipiga kwa simu. Si pua, ni umbali. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji nchini Marekani walikokotoa kwamba picha ikipigwa kutoka kama sentimita 30, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Kilicho karibu na lenzi hukua. Nikimweleza mtu hivyo, kisha nikampiga picha mbili, ya karibu na ya mbali, akaziona kando kwa kando, mara nyingine hukaa kimya kwa muda. Ameibeba pua isiyo yake kwa miaka.

Na kuna lile la kioo. Sisi sote sura tunayoijua ni ya kwenye kioo, kushoto kumekuwa kulia. Utafiti wa mwaka 1977 uliwaonyesha wanawake picha zao halisi na zilezile zikiwa zimegeuzwa kama kioo. Wao walielekea kupenda zilizogeuzwa, marafiki zao wakapenda zile halisi. Kwa hiyo mwanamke akitazama picha yake akasema "huyu si mimi", usimbishie haraka. Igeuze kwenye kompyuta, muulize tena. Wengine hupumua palepale. Mpe achague ipi ichapishwe. Sura ni yake, na mgawanyo wa nywele atakaouona ukutani ataishi nao yeye.

Kuhusu kitufe: kama una rimoti au waya mrefu wa kufyatulia, mpe. Weka kamera kwenye stendi, panga mwanga pamoja naye, elekeza skrini kwake, kisha toka chumbani. Ndiyo, toka. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilimwachia binti wa miaka ishirini na kitu ambaye mbele yangu alikuwa amekakamaa kama mti. Nilikaa nje nikisikia mlio wa shata: mmoja, kimya kirefu, miwili, kimya, halafu mfululizo kama mvua ya ghafla. Niliporudi kulikuwa na picha 64. Kumi na tano za mwanzo alikuwa bado ananipozia mimi ingawa sikuwepo. Kuanzia ya kumi na sita hivi mabega yalikuwa yameshuka. Katika moja amefumba macho, mdomo wazi, mikono yote miwili iko juu ya kichwa, alikuwa anaimba. Mimi nisingeweza kuipata picha ile hata ningekaa naye mwaka mzima.

Si kila mtu anataka hivyo, lakini. Wapo wanaosema wazi, "Piga wewe, ndiyo kazi yako." Hao nao wameamua. Ushirikiano si kumlazimisha mtu afanye kazi aliyokuja kukupa.

Njia nyingine ni kupokezana. Jo Spence na Rosy Martin, Waingereza wawili, walifanya hivyo miaka ya 1980: leo mmoja yuko mbele ya kamera akiongoza kila kitu, kesho mwingine, wakiigiza na kurudia mambo ya maisha yao wenyewe. Spence aligunduliwa na saratani ya matiti mwaka 1982, na kabla ya upasuaji alijipiga picha akiwa ameandika juu ya titi lake swali kama ni mali yake, Jo Spence. Ukiwahi kukaa mbele ya kamera ya mtu uliyemwelekeza jana, utajifunza haraka jinsi maneno "tulia kidogo" yanavyosikika upande ule. Nawashauri wapiga picha wote: kabla hujampigia mtu, mwombe yeye akupigie.

Mezani

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi, maana hapa ndipo wengi tunapodanganya.

Ni rahisi kumshirikisha mtu studio. Achague nguo, achague kiti, abonyeze kitufe. Kisha tunakwenda nyumbani na picha mia mbili, tunakaa peke yetu usiku, na tunachagua ile tunayoitaka sisi. Mia moja tisini na tisa zinazikwa. Uamuzi mkubwa kuliko yote katika picha ya mtu hufanyika akiwa hayupo. Mama fundi cherehani alikuwa na picha nyingine kumi na nne siku ile ya kwanza, na katika tatu alikuwa anacheka na mkono uko mashineni. Hakuziona. Sikuwa nimemwonyesha.

Sasa nachapisha picha zote ndogondogo kwenye karatasi, nampa kalamu nyekundu, mimi nachukua ya bluu. Tunapitia kila mtu kwa wakati wake bila kusemezana. Alama ya msalaba yake ni ya mwisho: picha hiyo haitoki, na sidai maelezo. Duara lake ni alizozipenda. Duara langu ni nilizozipenda. Zikikutana, furaha. Zisipokutana ndipo mazungumzo yanapoanza, na mazungumzo hayo yamenifundisha kuliko miaka yote ya kushika kamera. Kwa nini hii umeipenda? "Kwa sababu hapa siombi kitu." Kwa nini hii umeikataa? "Nimekaa kama shangazi yangu akiwa amenuna." Tumia karatasi ikiwezekana. Kwenye skrini mtu hupeleka haraka haraka na husita kusema hapana mbele ya mashine yako. Karatasi anaishika, anaigeuza, anaificha chini ya nyingine, anairudia.

Utakutana na mambo magumu. Atachagua ile unayoiona ngumu na baridi, amesimama wima kama wa paspoti. Ataomba pazia la maua nyuma. Ataomba ngozi ilainishwe mpaka kovu lisionekane. Hapo utajisikia kusema kwamba hayo si yeye halisi, kwamba amemezwa na picha za matangazo. Mimi nimesema hivyo, na nilikosea wakati wa kusema. Swali la kwamba tamaa zetu zimetoka wapi ni swali la haki, na ni la wanawake wote nikiwemo mimi. Lakini mahali pake ni kwenye kile kikao cha bila kamera, tukiwa sawa, si mezani baada ya kazi, pale ninapotumia elimu yangu kumnyang'anya uamuzi. Na mara nyingi nimekuta nilikuwa nasoma vibaya. Mwanamke aliyetaka kusimama wima kama wa paspoti alikuwa ameishi miaka tisa bila hati yoyote yenye sura yake. Kwake pozi lile lilikuwa na maana kubwa kuliko mwanga wangu wote wa dirishani.

Kama duara lako la bluu linakuuma, mwombe ruhusa uitunze kwenye hifadhi yako, usiitoe. Wengine hukubali, na wengine baada ya mwaka huirudia wenyewe.

Kisha maneno. Picha haiendi peke yake. Inakwenda na jina na maelezo chini. Muulize anataka aitweje, au kama anataka jina lisitajwe. Mwache aandike maelezo kwa mkono wake kama anapenda, na usimsahihishe. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, ambaye tangu 2006 amekuwa akipiga picha za wanawake weusi wasagaji na watu waliobadili jinsia, huwaita washiriki, na kwa wengi wao amerudi tena baada ya miaka kuwapiga upya. Neno hilo dogo linakubana: mshiriki ana sehemu yake. Ana haki ya nakala, ana haki ya kujua picha inakwenda wapi, na ikileta pesa ana haki ya kuulizwa kuhusu pesa. Yaandikeni kwenye karatasi moja, kwa lugha anayoisoma bila shida. Ukurasa mmoja unatosha.

Usisahau kwamba picha ya mtu haihitaji uso. Mpiga picha Mmarekani Susan Meiselas alipofanya kazi na wanawake waliokimbia ukatili na kuishi kwenye nyumba ya hifadhi Uingereza, mwaka 2015 na 2016, zilipigwa picha za vyumba vyao: kitanda, dirisha, vitu vilivyopangwa na mwenyewe, pamoja na maneno yao. Uso ungewaweka hatarini. Nami nimepiga migongo, viganja, viatu vilivyokaa mlangoni. Zamani uso usio na jina ulifichika kweli. Leo programu zinaweza kumtafuta mtu kwa sura yake peke yake, kwa hiyo mwanamke akisema "uso hapana", hiyo ni hesabu aliyoipiga vizuri na wewe huna takwimu za maisha yake za kumpinga.

Ruhusa nayo haina budi iwe na njia ya kurudi. Mimi huandika kwenye ile karatasi kwamba anaweza kunipigia simu wakati wowote akasema picha ishuke. Zilizokwisha chapishwa kwenye karatasi na kusambazwa siwezi kuzikusanya, na hilo namwambia mapema. Zilizo mikononi mwangu naweza.

Mwaka uliopita mmoja alipiga. Ilikuwa imepita miaka minne tangu nimpigie, na picha yake ilikuwa ya kwanza kabisa katika kazi zangu, ile watu wanayonitambulisha nayo. Alinisalimia, akauliza habari za watoto, nikamwuliza za kwake. Kisha akasema, "Dada, ile picha naomba uitoe." Nikamwambia sawa. Tukaendelea kuzungumza mambo mengine kama dakika kumi hivi. Niliitoa usiku ule. Hakunipa sababu, nami sikumuuliza.